Ubao wa Kasereka

Siku Kasereka alipotoweka ilikuwa Jumanne, na Anena alipata habari kwa simu.

Yeye ndiye aliyekuwa mpokea simu wa chuo pale Kyambogo. Kila simu iliyoingia aliiandikia saa yake kwenye daftari kabla ya kufanya lolote jingine. Saa tatu na dakika arobaini. Aliandika, kisha akasikiliza.

"Chuo, habari za asubuhi."

"Anena, ni mimi Saverio, wa Katwe."

Fundi Saverio, mwenye karakana alikofanya kazi Kasereka. Alihema kama mtu aliyekimbia.

"Wamemchukua."

"Wamemchukua nani?"

"Mtu wako. Wanaume watatu, miwani nyeusi, gari halina namba. Wamemtia kwenye buti mchana kweupe, na sisi wote tunatazama nyundo zetu."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Saverio, usiuguse ubao. Gundi haijakauka.'"

Anena alikata simu. Taa nyingine ikawaka mbele yake, akaunganisha. Nyingine tena, akaunganisha. Aliendelea hivyo mpaka saa sita, kwa kuwa miaka ile ya utawala wa jeshi, mtu akilia kazini aliulizwa anamlilia nani.

Kasereka alikuwa seremala, Mnande wa Beni, aliyevuka mpaka akikimbia vita vya kwao Kongo. Anena alikuwa Mwacholi. Kasereka hakujua Kiacholi, Anena hakujua Kinande, kwa hiyo walipendana kwa Kiswahili. Na mambo ya ubao yalianza na misumari. Kasereka aliinunua sokoni Kikuubo ikiwa imefungwa kwenye ukurasa wa gazeti la picha. Alipoukunjua, akamwona mtu amesimama juu ya ubao, na ubao uko juu ya wimbi.

"Huyu ni seremala au malaika?" alimwuliza Anena.

"Ni mwendawazimu."

"Wanasema ni huko Malindi, pwani. Kuna kambi, watu wanafundishwa kuteleza juu ya mawimbi. Mahema, samaki, jua kila siku. Oktoba nakuoa. Kabla ya hapo nataka nikuonyeshe maji yasiyo na ng'ambo."

"Wewe unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui."

"Basi hakuna atakayemcheka mwenzake."

Anena aliandika barua, na majibu yakaja. Nafasi mbili zimewekwa, kuanzia tarehe kumi na saba Agosti, mwaka huo wa 1974. Mwenye ubao wake aje nao. Pamoja na barua kulikuwa na orodha ya saa za maji kujaa na kupwa, maana masomo yalifuata maji. Ilikuwa ya Kiingereza. Anena aliinakili mara mbili kwenye karatasi za mistari, tarehe na saa na kimo. Nakala moja Kasereka aliitundika kwenye msumari juu ya meza yake ya kazi. Ya pili Anena aliitia ndani ya Biblia yake, nyumbani Nsambya, alikokaa na kaka yake Otema, karani wa polisi.

Ubao wa kwanza walikwenda kuujaribu ziwani, Gaba. Ulizama.

"Umetengeneza mlango," Anena alisema.

"Mlango wa nani?"

"Wa samaki. Wabishe hodi."

Kasereka alicheka mpaka akakaa majini. Kesho yake alianza mwingine, wa mbao nyepesi, wenye uwazi ndani. Huo ndio uliokuwa ukisubiri gundi ikauke.

Mchana wa Jumanne ile Anena alifika Katwe. Pélagie, dada yake Kasereka, muuza vitenge, alikuwa amekwisha kufika na kilemba mkononi.

"Wifi, kosa lake nini?" Pélagie aliuliza. "Huyu mtu hata siasa hazijui. Anajua msumeno."

Saverio alitazama barabarani kwanza. "Mkubwa wao alikuwa na karatasi. Namba tupu, tarehe na saa. Akamwuliza, 'Hizi ni saa za ndege gani? Silaha zinashuka wapi?' Kasereka akacheka, akasema ni saa za maji ya bahari. Wakampiga hapo hapo. Wakasema, 'Maji yana saa?'"

"Waliing'oa pale msumarini?"

"Hapana. Walikuja nayo."

Anena aliinua macho. Juu ya meza, karatasi ya Kasereka ilikuwa bado inaning'inia.

Alikaa chini, juu ya maranda.

"Wifi, kuna kitu unakijua," Pélagie alisema.

"Ninajua karatasi zilikuwa mbili."

Otema alikuwa anakula Anena alipoingia nyumbani. Anena aliiweka Biblia kando ya sahani yake.

"Omera," alimwita, kama kaka anavyoitwa kwao, "nisomee zaburi."

Otema hakuigusa.

"Karatasi yangu iko wapi?"

"Anena, keti."

"Iko wapi?"

"Sisi ni Waacholi. Unajua wangapi wameitwa kutoka ofisini kwangu na hawakurudi hata kuchukua koti? Wewe unavuka mpaka na mgeni. Ukichelewa siku moja tu, nitaulizwa mimi. Watasema dada yake Otema amewafuata wakimbizi."

"Ukawapa."

"Nilimpa mtu mmoja. Aliniapia watamrudisha Kongo, basi. Nilisema utalia mwezi mmoja, halafu tutaishi."

"Mwezi mmoja."

"Sikujua ni nini ile! Namba tupu! Ziwa letu halina saa, dada. Asubuhi liko pale, jioni liko pale."

"Ungeniuliza."

Otema alisukuma sahani.

"Kesho utavaa sare," Anena alisema, "utakwenda kwa huyo mtu wako, utamwuliza Kasereka yuko wapi."

"Wataniua."

"Utakwenda."

Alikwenda. Mara ya kwanza aliketishwa kwenye benchi mpaka ofisi ikafungwa. Mara ya pili alifukuzwa. Mara ya tatu alirudi mchana, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Jina lake halimo kwenye kitabu chochote."

"Uliangalia vyote?"

"Vyote ninavyoruhusiwa. Na kimoja nisichoruhusiwa." Alitia mkono mfukoni, akatoa karatasi ya mistari iliyokunjwa mara nne. "Yule mtu amenirudishia hii. Amesema haihitajiki tena."

Anena aliipokea. Aliikunjua, akainyoosha kwa kiganja juu ya meza, mkunjo mmoja baada ya mwingine.

Pélagie alikuja Nsambya Jumapili.

"Kwetu mtu akifa tunanyoa nywele," alisema. "Lakini nitanyoa kwa mwili gani? Kaburi gani?"

"Mimi nakwenda Malindi."

"Peke yako?"

"Barua inasema wawili."

Pélagie alifungua mzigo wake, akachagua kitenge kimoja, akamfunga kiunoni. "Huko kuna upepo, nasikia. Kaza fundo."

Otema aliyasikia yote kutoka chumbani. Alitoka.

"Hutakwenda, Anena. Nimekosa, nimekubali, lakini hutakwenda."

"Likizo nimeandikiwa kazini. Nitarudi tarehe iliyo kwenye tikiti ili wasikuulize. Usalama huo ninakupa, ingawa hukumpa Kasereka. Na wewe utabeba ubao."

"Mimi? Na sare?"

"Na sare."

Alhamisi Otema aliubeba ubao kichwani kutoka Katwe mpaka stesheni ya reli. Watu walimpisha njia, wengine wakavua kofia. Kwenye lango askari aliyeshika bunduki akamsimamisha.

"Jeneza la nani hilo?"

"Si jeneza, afande."

"Ni nini basi?"

Jasho lilikuwa limelowesha kola ya Otema. "Ni ubao wa shemeji yangu. Fundi. Aliutengeneza mwenyewe."

Anena hakuwahi kusikia kaka yake akimwita Kasereka shemeji.

"Na yeye yuko wapi?"

"Sijui, afande," Otema alisema. "Ninamtafuta."

Askari aliutazama ubao, akamtazama huyu polisi mwenye machozi, akageuza uso. "Pita. Haraka."

Kwenye dirisha la treni Otema alisema, "Nisamehe."

"Rudi ukaulize tena," Anena alijibu. "Nikirudi uniambie umeuliza mara ngapi."

Treni ikamfikisha Mombasa, basi likamfikisha Malindi. Kambini alipokewa na Maimunah, mpishi, ambaye pia ndiye aliyeandikisha wageni.

"Karibu, dada. Barua ilisema wawili."

"Ubao ni wake."

Maimunah aliinama, akaupapasa ubao kutoka ncha hadi ncha, kwenye kila kiungo. "Mashaallah. Gundi yake imekauka vizuri. Kumbe kwenu kuna mafundi! Na mwenyewe?"

Anena alisogeza daftari la wageni upande wa Maimunah.

"Andika jina lake. Kasereka. Hakuna kitabu kingine kilicholiandika."

Maimunah aliandika.

Siku ya kwanza Anena alianguka mara kumi na moja, akanywa chumvi, na watoto wa ufukweni wakamcheka. Siku ya tatu alilala juu ya ubao, wimbi likambeba mpaka mchangani. Ubao haukuzama. Jana alipiga magoti. Kusimama bado.

Leo ni siku ya saba. Karatasi ya mistari iko hemani, imetundikwa kwenye msumari. Kesho maji yanajaa saa nne na robo, na atajaribu kusimama.