Kamba ya Shemeji

Kosa la kaka yangu lilikuwa dogo, nalo hulikiri mwenyewe kila apigapo magoti: aliulizwa kama amelala, akasema amelala.

Hakuwa amelala. Kaka ni mwokaji mikate. Usiku kucha alikuwa amekanda unga na kutia trei tanurini. Asubuhi, hata aproni hajavua, shemeji yake, yaani kaka wa mkewe, akapiga honi nje. Huyo shemeji ni fundi rangi wa majengo marefu, mtu asiyejua kizunguzungu, na siku zake za mapumziko hupanda miamba kwa kujifurahisha tu. Ila hapandi bila mwenzake wa kushika kamba chini.

"Umelala, shem?"

"Kama mfalme."

"Mbona macho kama nyanya?"

"Moshi wa tanuri huo. Twende bwana, jua litatukaanga bure."

Kilikuwa kiangazi, na walipofika mlimani mawe yalikwisha kupata moto. Kazi yenyewe haina siri. Anayepanda hufungwa kamba kiunoni, akaipitisha kwenye vyuma vilivyopigiliwa mwambani. Wa chini huishika ncha ya pili, akamwachia kidogo kidogo. Wa juu akiteleza, wa chini akaze. Asipokaza, ni mazishi.

Mwokaji akaketi kivulini, mgongo kaubandika kwenye jabali lililoelekeana na ule mwamba. Shemeji akapanda akiimba, wimbo ukafifia. Kamba ikawa inapita vidoleni taratibu. Jabali lilikuwa la baridi, baridi tamu. Akajikaza kisabuni. Akasali sala anazozijua, akazirudia, zikaanza kuchanganyika.

Akalala.

Kilichomwamsha ni mlio wa kamba iliyokaza ghafla. Akatazama mikono yake. Ilikuwa mapajani. Mitupu.

Akatazama juu. Shemeji ananing'inia katikati ya mwamba, mzima, anatupa miguu. Kamba imenyooka kama waya. Inashuka. Inapita kando ya sikio la Mwokaji. Inaendelea nyuma.

Nyuma palikuwa na jabali tu.

Hakugeuka. Alitaka kulitaja jina la Mungu, ulimi ukagoma. Mikono miwili ikachomoza kwapani mwake. Mikavu. Viganja vimechubuka hadi nyama. Ikamwekea kamba mikononi. Ikamkunja vidole, kimoja kimoja, kama afundishwavyo mtoto kushika kalamu. Kisha pumzi ndefu ikamshukia shingoni, pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

Uzito wote ukamjia yeye.

Alimshusha shemeji kidogo kidogo. Fundi akatua akicheka, magoti yanavuja damu.

"Shem, una mikono wewe! Nimeporomoka kama gunia la viazi, ukanidaka!" Akajifungua kamba, akatazama kule kivulini. "Na yule alikuwa nani?"

"Yupi?"

"Aliyekukumbatia kwa nyuma."

"Tulikuwa wawili tu," akasema Mwokaji. Habari ya usingizi akaimeza. Lakini Mungu hamfichi mnafiki.

Kesho yake alitoka zamu, akajitupa kitandani. Mchana mkewe akamkuta amekunja ngumi mbele ya kifua, mishipa imesimama. Akadhani misuli imemkaza. Akamnyoosha kidole cha kwanza. Cha pili. Cha tatu.

Simu ikalia. Mke wa fundi, analia. Mumewe alikuwa amekaa kitini anakunywa chai, mara wakamwona anabwagika sakafuni kama aliyetupwa kutoka ghorofani. Mguu umevunjika mara mbili. Kutoka kwenye kiti.

Mkewe Mwokaji akarudi mbio chumbani, akazikunja zile ngumi kama alivyozikuta.

Tangu hapo hakuna anayezigusa. Tumefunga, tumekesha tukimwombea. Kila akiamka viganja vimechubuka upya, na unga hawezi tena kuukanda. Amekonda. Anasema hata akiwa macho mabega yanamvuta, na kushusha hajui ashushe wapi.

Siku hizi hulala barazani, kwenye hewa, nawe najua hupita pale ukitoka kazini. Ameanza kunong'ona usingizini, kwa upole, kama mgonjwa aombaye maji: "Nipokee kidogo. Nimechoka."

Ukimsikia, nakuomba, pita. Usimpe mkono.