Mdogo Wangu Yumo Kwenye Filamu

Wewe unayesoma, umewahi kuitwa na ndugu yako wa damu kupitia mdomo wa mtu mwingine?

Basi kaa kimya unisikilize.

Nina shahada ya isimu. Miaka minne chuoni, mitatu ya kuambiwa "we'll get back to you". Nikiwasubiri hao wa kunirudia, nilijifunza Kiesperanto kwenye simu, lugha iliyotungwa na mtu mezani kwake ili dunia nzima ielewane. Haina nchi. Mama alinicheka: "Mwanangu, hata mizimu haiongei hicho kidude!"

Laiti...

Jioni moja akanipigia Prodyuza, mwenye studio ya kutia sauti za Kiswahili kwenye filamu za kigeni. Alikuwa na filamu kongwe ya kutisha, yote Kiesperanto, yenye mashabiki wanaoiabudu kama dini. Nitafsiri, nisimamie sauti. Sauti ya kike? Nikamleta mdogo wangu, Kasuku. Tulimwita hivyo kwa sababu aliweza kumwiga yeyote: Mama akigombeza, mwenye nyumba akikohoa, hata friji bovu la jirani.

Studio ni chumba kimoja. Trei za mayai ukutani, hakuna dirisha, feni imezimwa isinaswe na maikrofoni. Kasuku alisikiliza sentensi kwenye hedifoni, akatazama midomo ya mwigizaji, akasema Kiswahili. Lakini alichelewa. Mwanamke wa kwenye filamu kafunga mdomo, yeye bado anaongea.

Nikampa njia ya mkato. Mimi mwenyewe, msomi.

"Tamka kwanza vilevile kama yeye, upate pumzi yake. Halafu weka Kiswahili."

"Bila kujua maana, kaka?"

"Maana niachie mimi. Wewe nipe mdomo."

Ikakubali. Tukaenda vizuri hadi pale mwanamke anapoketi peke yake, akiitazama kamera.

"Kiu volas mian lokon, ripetu post mi."

Anayetaka nafasi yangu, arudie maneno yangu.

Nilikuwa nimeitafsiri filamu nzima, mwanzo hadi mwisho. Sentensi hiyo haikuwemo.

Ningepiga kelele. Lakini Prodyuza alisimama mlangoni na mkataba mkononi, na mimi nilikuwa na miaka mitatu ya njaa. Ningemwambia nini? Samahani bosi, filamu inatutega?

Nikamwashiria Kasuku aendelee.

Kasuku akarudia. Neno kwa neno. Hata pumzi.



Ikaja harufu ya nywele zinazoungua. Kwenye spika, kiti kikaburutwa. Kreee... Kwenye skrini, mwanamke yule akaanza kupapasa uso wake, kama aliyeamka gizani.

"Kaka... huku ni wapi?"

Kiswahili. Sauti ya Kasuku.

Na Kasuku alikuwa pembeni yangu, mdomo kaufumba.

"Safi sana!" Prodyuza akapiga makofi. "Umeona midomo ilivyokaa? Binti ni moto!"

Nikamshika mabega. "Kasuku. Sema kitu."

Akavitazama viganja vyake, akavigeuza, akatabasamu.

"Dankon, frato." Asante, kaka. "Mi tiel longe atendis." Nimengoja mno.

Sasa tunaishi naye. Anafagia, anakula, anamsuka Mama nywele. Mama huniuliza, "Mbona mwanangu haongei Kiswahili na mimi? Anasemaje?"

"Anasema ameshiba, Mama."

Mwongo mimi. Anachosema ni "Mi neniam reiros." Sitarudi kamwe. Siku moja nilimnong'oneza: wewe ulikuwa nani? Akanijibu kwamba naye alipelekwa kwenye chumba kisicho na dirisha, atie sauti. Nani alikupeleka? Akanitazama kwa huruma, akaendelea kufagia.

Filamu imetoka. Watazamaji wanalalamika: yule dada haifuati hadithi, analia, anamwita kaka yake, kila ukiicheza anasema jingine. Kwa hiyo jana Prodyuza kaniandikia. Ijumaa wanafuta nakala zote. Watarekodi upya, na binti mwingine.

Prodyuza, na wenzako mliosaini uamuzi huu: msiifute. Hamfuti filamu, mnamfuta mtu. Huyo binti mwingine mrudisheni kwao leo. Na mimi nileteeni nakala moja, hata iwe imekwaruzika...

Mama anataka kumsikia mwanawe.