Fundo la Mkono wa Kushoto

Wimbi la kwanza liliondoka na mapipa mawili ya maji ya kunywa. La pili likazoa furushi la Tappa, abiria pekee, lililofungwa nyuma ya kibanda. La tatu liliipiga shetri pigo moja tu, sukani ikang'oka na mbao za chini zikaachana.

Kulipopambazuka, mashua ile ya mizigo ilikuwa inazunguka katikati ya Bahari ya Flores kama ganda la nazi, propela imekatika, na ndani yake watu watatu na dumu moja la maji. Kilichowaweka hai ni pampu ya umeme iliyolishwa na jenereta ndogo juu ya kibanda. Saa tatu asubuhi pampu ikanguruma, ikatoa moshi, ikanyamaza.

Nahodha Lewa akanusa. "Mota imeungua," alisema, akamgeukia Tappa. "Wewe si fundi wa kusuka mota? Hebu ifungue."

Saleng, mtu wa injini, akadakia kwamba hakuna haja ya kufungua. Tushike ndoo tufue maji, alisema, meli itapita. Alisema upesi mno, na Tappa aliliona hilo.

Tappa alikuwa amemwambia nahodha kwamba anakwenda visiwani kutafuta kazi. Ulikuwa uongo. Alikuwa amepanda chombo kile ili amuue Saleng wakifika nchi kavu, na badik, kisu kifupi alichoachiwa na baba yake, ilikuwa kiunoni, chini ya shati.

Wawili hao walifundwa na bwana mmoja huko Bulukumba. Bwana yule aliwafundisha kutandika karatasi ngumu ya kuhami ndani ya kila mfereji wa chuma kabla ya kulaza waya wa shaba, kuziba mdomo wa mfereji kwa kabari ya mwanzi, na mwisho kuufunga msuko kwa uzi. Fundo la mwisho lilikuwa sahihi ya fundi. Watu wa bandarini wasiojua kusoma waliyajua mafundo, na lililotafutwa lilikuwa la Tappa.

Miaka miwili nyuma jenereta iliwaka ndani ya chombo alichofanyia kazi Beddu, mdogo wake Tappa, na Beddu akafa humo kwa moto. Waliozima moto walisema fundo walilolikuta kwenye msuko lilikuwa la Tappa. Tappa alijua hajawahi kuigusa jenereta ile, na kwamba mwingine pekee aliyeweza kuliiga fundo lake ni Saleng, lakini jenereta ilikwishatupwa baharini, na nani angemwamini? Mama yake aliamini fundo. Tangu siku ile hakula naye wala kumwita jina. Mtu anaweza kustahimili matusi ya bandari nzima, lakini mgongo wa mama hauzoeleki.

Aliifungua pampu juu ya sitaha. Waya ulikuwa mweusi. Akachokoa mfereji mmoja kwa bisibisi, ikatoka karatasi ya kahawia iliyokatika vipande. Ilikuwa karatasi ya mfuko wa saruji. Kisha akauona uzi, na mwishoni mwa uzi, fundo lake mwenyewe.

Lake, ila limegeuka. Mzunguko wake ulielekea kushoto. Tappa aliinua macho akamwona Saleng ameshika ndoo kwa mkono wa kushoto, kama alivyoshika kijiko na nyundo tangu utotoni.

Badik ikatoka yenyewe.

"Nahodha, sogea," Tappa alisema.

Lewa hakusogea. Maji yalikuwa yamemfika magotini pale ngazini. "Muue," alisema kwa utulivu, "halafu nani atafua maji ya ngama wakati wewe unasuka? Mimi? Nina miaka sitini na sita. Kama una hesabu yako naye, kaifanyie nchi kavu."

Maneno yale yalimkera Tappa kwa sababu yalikuwa kweli. Akaichomeka badik kwenye mbao, mahali ambapo Saleng angeiona kila akiinuka na ndoo.

Koili ya waya ilikuwa imesalia ndani ya sanduku la zana. Karatasi ya kuhami ilikwenda na furushi. Tappa alipekua kibanda kizima. Ramani zilikuwa zimelowa zikawa uji. Mifuko ya mchele ilikuwa ya plastiki laini inayoyeyuka kwa joto. Akafungua begi la Saleng bila kuomba ruhusa, akakuta bahasha kubwa ya hospitali ya Makassar, na ndani yake filamu tatu za eksirei, kavu, ngumu, za kutosha.

Saleng aliziona mkononi mwake, akaiacha ndoo. "Daeng, kaka yangu, hizo ni za kifua changu. Daktari wa kisiwani anazingoja. Bila hizo hawataniandikia dawa."

"Beddu alikuwa na kifua pia," Tappa alisema. "Fua maji."

Akachukua mkasi. Alimkata Saleng mbavu, ubavu baada ya ubavu, akavikunja vile vipande vyembamba vya filamu na kuvisukuma ndani ya mifereji. Nisiwadanganye, aliona raha. Kila mkasi ulipolia alimtazama mwenye kifua, na Saleng akawa anakohoa na kuchota, anakohoa na kuchota.

Kazi ilikula siku ile na nusu ya iliyofuata. Tappa alihesabu mizunguko kwa sauti, akachonga kabari kutoka mwanzi wa tanga, akayeyusha sandarusi ya kuzibia mbao na kuimimina juu ya msuko, akaukausha juu ya makaa. Nahodha alipochoka Tappa alimwambia apumzike. Saleng alipochoka hakumwambia kitu. Ngozi ya viganja vyake ilichunika, mshikio wa ndoo ukawa mwekundu. Maji ya dumu yaligawanywa kwa kifuniko cha chupa, vifuniko vitatu kila mtu, na Tappa alipima cha Saleng sawasawa na chake. Hakutaka afe mapema.

Ulipofika wakati wa kufunga uzi, akamsukumia Saleng mota.

"Funga. Fundo lako."

"Sina fundo langu, Daeng." Saleng alikuwa analia sasa, bila sauti. "Kila mtu alitaka lako. Langu hawakulitaka. Sikukusudia Beddu, wallahi. Nilidhani karatasi itahimili."

"Basi leo utakuwa nalo."

Alilifunga kwa vidole vinavyovuja damu, fundo baya la kienyeji, la kushoto. Wakawasha. Pampu ikakohoa, ikatema kutu, kisha maji yakaruka ubavuni, mazito na meusi. Nahodha akakaa chini akafunika uso kwa sarung, shuka lake la kiunoni.

Siku ya nne meli ya makaa ya mawe iliwaona, ikawavuta hadi Bulukumba. Pampu haikusimama njia nzima.

Gatini Saleng alimshika Tappa mkono. "Nichome hapa hapa. Usinipeleke kwa mama yako."

"Kisu kina haraka," Tappa alijibu, akamsukuma mbele.

Nyumbani, mama yake Tappa alikuwa anachambua mchele. Tappa aliweka mbele yake ule msuko ulioungua, pamoja na fundo lake. Saleng akapiga magoti, akasema yote: karatasi ya saruji, fundo la kuiba, jenereta, Beddu. Mama akalishika fundo, akaligeuza kulia na kushoto. Kisha akasimama, akapakua wali na samaki, akatandika sahani mbili.

"Tappa," alisema. Alikuwa hajalitaja jina hilo kwa miaka miwili. "Njoo ule."

Tappa alikaa. Akamega tonge la kwanza. Saleng, akidhani yamekwisha, akajikongoja kuinuka.

Mama hakumtazama. "Kesho urudi wakati kama huu," alisema, "useme tena. Tangu mwanzo."

Saleng akarudi kesho yake, na kesho kutwa, na kila siku, akisema huku wao wakila. Kikohozi kilizidi, maneno yakapungua, mama akamngoja ayamalize. Wiki ya sita Tappa aliwaza kwenda kuifungua ile mota atoe zile filamu, aziunge, ampeleke Saleng kwa daktari. Aliutoa mkasi sandukuni aende kulikata lile fundo.

Kisha akasikia kikohozi mlangoni, na mama akiita kwamba chakula kiko tayari. Akaurudisha mkasi, akaenda kula.