Jina Lililofunga Siri

Vitufe vya kompyuta vilikuwa vya moto, na sebule ilinuka nywele zilizoungua. Ajabu ni kwamba mashine yenyewe ilikuwa haijawashwa tangu jana.

"Wifi, umeigusa?" mshauri wa ndoa aliuliza.

"Niiguse vipi, na umeifunga utadhani benki?" wifi yake alijibu, akibetua mdomo.

Kusema kweli, ilifungwa kwa sababu yake. Kompyuta ilikuwa ya nyumba nzima, na masikio ya wifi huyo hayakujua likizo. Wanawake walimwachia mshauri siri nzito. Mmoja alikuwa amemkimbia mume aliyeapa kumuua, na mahali alipojificha palikuwa ndani ya faili zile. Basi mshauri akachagua neno la siri ambalo hakuna mtu wa ukoo ule angethubutu kuliandika: jina la jini aliyekuwa akimpanda marehemu bibi ya mumewe. Ukweni jina hilo halikutajwa hata kwa mzaha. Yeye hakuamini mambo hayo. Kila asubuhi aliliandika na kuendelea na kazi.

Mchana huo wifi alikuwa akipiga pasi, mara akaanza kusema kwa sauti ya yule mwanamke aliyejificha, neno kwa neno, kwikwi kwa kwikwi, macho yamemtoka, pasi ikiunguza shati mbele yake naye haoni, na ile harufu ya nywele ikapanda mpaka wote wakakohoa, ndipo akaanguka.

Mganga aliyeitwa haraka alipofika hakuvuka kizingiti. "Nani anamwita jini huyu?" alinong'ona.

Mshauri alikiri habari ya neno lake la siri huku akilia.

"Mama, kuandika ni kuita. Umemwita kila siku, ukamkabidhi siri azilinde. Kaliondoe jina hilo. Lakini ukimwita tena, mimi simwezi."

Mshauri akaketi, akaiwasha kompyuta, na kwenye skrini ya kufungulia akabonyeza palipoandikwa "badili neno la siri". Kompyuta ikamtaka kwanza aandike la zamani.

Vidole vikamganda hewani. Akiliandika, amemwita, asipoliandika, jini hatoki. Alitaka kumuuliza mganga pale mlangoni, ndipo aliposikia mtu akizungumza nyuma yake, kwa upole, kwa sauti ya mshauri mwenyewe.

Aligeuka. Wifi alikuwa amesimama, simu ya mshauri sikioni.

"Kaka, ni mimi, mshauri wa mkeo. Nisikilize, nikuelekeze alipojificha."