Habari za Humo Ndani

Kila asubuhi Baba alivuta cherehani karibu na dirisha la sebuleni, akatunga uzi, akaanza kushona barakoa. Zamani alishona magauni ya harusi katika kibanda chake cha sokoni. Sasa soko lilikuwa limefungwa, harusi zimeahirishwa, na sebule imejaa vitambaa vya buluu hadi mtu akitaka kukaa lazima kwanza ahamishe marundo. Cherehani ilisema trrr, ikanyamaza, ikasema trrr tena. Siku ilianza hivyo na iliisha hivyo.

Binti yake alikuwa darasa la sita, na watu wote walimwita Chiriku kwa sababu ya maneno mengi. Mwalimu aliwahi kumhamisha dawati mara kadhaa, akakuta kila anapomweka anapata wa kuongea naye, hata kama ni ukuta. Lakini tangu shule zifungwe kwa ajili ya ugonjwa mpya, Chiriku alikuwa ameishiwa maneno. Hakuwa na huzuni hasa, wala hofu. Redio ilitangaza habari za wagonjwa, naye alizisikia kama anavyosikia bei ya saruji. Alikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi: upo, lakini huusikii.

Mama hakuwepo. Alikuwa mfuaji wa hospitali, na yeye na wenzake walipewa mahali pa kulala hukohuko kazini ili wasiulete ugonjwa nyumbani. Bibi, mama yake Baba, alikuwepo, ila ilikuwa kama hayupo. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na watu kama yeye waliambiwa wajitenge. Kwa hiyo alikaa katika chumba chake cha uani, mlango umefungwa. Kazi ya Chiriku ilikuwa kumpelekea chakula, kukiweka juu ya kigoda nje ya mlango, na kumjulia hali.

Siku za mwanzo ilikuwa raha.

"Hodi, Bibi! Shikamoo."

"Marahaba, mke mwenzangu! Hujambo?"

"Sijambo. Habari za humo ndani?"

"Nzuri. Ila mume wetu hapa ukutani ananikodolea macho. Anauliza leo ni nani kati yetu aliyeunguza chai."

Mume wetu alikuwa Babu. Alifariki kabla Chiriku hajazaliwa, na picha yake ilitundikwa juu ya kitanda cha Bibi. Walikuwa wakimgombania tangu Chiriku alipojua kusema.

Kisha siku zikawa zinafanana, na salamu zikafupika.

"Hodi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba."

"Habari za humo ndani?"

"Nzuri."

Chiriku akaondoka zake. Baadaye alirudi kuchukua sahani tupu na jagi tupu la maji. Alilijaza jagi, akalirudisha, na baada ya muda mfupi likawa tupu tena. Hakuwaza lolote. Maji yalikuwepo bombani, na yeye hakuwa na kazi nyingine.

Jioni Mama alipiga simu.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Bibi hajambo?"

"Hajambo."

"Na hali yako?"

"Nzuri. Habari za kazi, Mama?"

"Nzuri."

Nyuma ya Mama mashine za kufulia zilinguruma, na sauti yake ilikuwa imekauka. Simu ilipokatika, Baba alisema bila kuinua macho kutoka kwenye mshono, "Mama yako ana mzigo wa kutosha. Akiuliza, mwambie nzuri, basi. Usimtie wasiwasi." Chiriku alikubali kwa kichwa. Ilikuwa rahisi, kwa sababu hakukuwa na lolote alilotaka kusema.

Mchana mmoja alikuwa amekaa kwenye ngazi ya uani, akitazama kamba ya nguo, ndipo paka wa jirani aliporuka kutoka dirisha la Bibi. Alitua kwa kishindo, akajilamba ndevu, akaanza kujikokota kuelekea kwao huku tumbo likining'inia.

"Wewe, umenenepa!" Chiriku alimwambia.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza siku ile ambayo hakuna aliyemwuliza. Alimtazama paka. Akatazama dirisha. Akaitazama sahani juu ya kigoda, inayong'aa kama imeoshwa. Bibi alikuwa mlaji mzuri, lakini hakuwa mtu wa kulamba sahani. Na mara ya mwisho kumwita mke mwenza ilikuwa lini? Chiriku alijaribu kukumbuka akashindwa, na kushindwa huko kulimshtua.

Alibisha mlango. "Bibi, jana jioni ulikula nini?"

Sauti ya Bibi ilitoka polepole. "Wali, mwanangu. Ulikuwa mtamu."

Jana jioni walikula viazi.

"Na mume wetu anasemaje?"

"Nani?" Bibi aliuliza.

Chiriku alikimbia sebuleni. "Baba! Bibi hali chakula. Anampa paka."

"Umemwuliza hali yake?"

"Nimemwuliza asubuhi."

"Akasemaje?"

"Nzuri."

"Sasa je?" Hata hivyo Baba alinyanyuka, akaenda hadi mlangoni. "Mama, shikamoo. Habari za humo?"

"Marahaba, baba. Nzuri tu." Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu aliyeamshwa.

Baba alisimama pale kidogo, mkono juu ya mlango. Kisha akageuka. "Umesikia mwenyewe," alisema, akarudi kwenye cherehani.

Jioni hiyo simu ilipoita, Baba alimwangalia Chiriku kwa jicho kali. Chiriku aliipokea.

"Habari za nyumbani?" Mama aliuliza.

Neno lilikuja lenyewe hadi kwenye ncha ya ulimi. Aliwaza kwamba akilitoa, Mama ataridhika, Baba ataridhika, na kesho atapeleka sahani nyingine kwa paka. Huko uani je, nani angemsemea Bibi?

"Mbaya, Mama," alisema.

Cherehani ilinyamaza.

"Umesemaje?"

"Mbaya. Bibi hali chakula. Anamaliza jagi la maji, namjazia, anamaliza tena. Na amemsahau Babu."

Mama hakumkemea. "Weka sauti kubwa, baba yako asikie," alisema. "Vaeni barakoa, mfungue mlango sasa hivi. Tazameni dawa zake. Sikati simu."

Baba alipekua nyumba iliyojaa barakoa, na ilivyo ajabu hakuona hata moja iliyokwisha kutiwa kamba. Mwishowe alijifunga kipande cha kitambaa usoni, akausukuma mlango wa Bibi. Bibi alikuwa sakafuni, ameegemea kitanda, midomo imekauka na kupasuka. Kopo la dawa lilikuwa kando yake. Baba alilitikisa. Halikuwa na kitu.

"Mama, zimeisha lini? Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekwenda kuzifuata hospitali," Bibi alijibu polepole. "Huko ndiko kwenye ugonjwa. Mimi nina mtoto mmoja tu."

Gari la wagonjwa lilikuja, likamchukua. Baadaye Mama alipiga simu: haukuwa ule ugonjwa mpya, ni sukari iliyopanda sana. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wangemkosa. Alikuwa wodini, na Mama aliruhusiwa kumtazama kupitia kioo.

Chiriku aliketi juu ya rundo la vitambaa akalia. Ganzi ikianza kutoka mguuni huuma, na ndivyo ilivyomwuma mwili mzima. Alimlilia Bibi, akamlilia Mama nyuma ya mashine zake, akaililia shule. Baba hakumnyamazisha. Alikaa karibu naye, mikono imelegea.

"Niliisikia sauti yake pale mlangoni," alisema. "Nilijua si sauti ya mtu mwenye afya. Lakini alisema nzuri, nikajifanya nimeamini, maana niliogopa kufungua. Umenishinda leo, mwanangu. Ahsante."

Bibi alirudi amekonda, lakini akiwa na dawa mpya, na ulimi wake ulikuwa mzima kabisa. Baba alimshonea barakoa kwa mabaki ya lesi ya gauni la harusi. Aliivaa, akaagiza mlango wake uachwe wazi, akakaa ndani kwenye kiti chake.

"Mke mwenzangu! Njoo ukae pale kwenye ngazi, mbali hivyohivyo. Nina neno na wewe."

Chiriku alikaa na kikombe chake cha chai.

"Mimi niliwaficha," Bibi alisema, "nikadhani nawalinda. Nusura niwaachie msiba badala ya ulinzi. Mgonjwa akisema nzuri, watu watamsaidiaje? Nisikilize vizuri. Salamu tuitikie, ndiyo adabu. Lakini tukishaitikia, tuseme na lile linalotuumiza. Na anayeuliza asikimbie, asubiri alisikie. Ugonjwa unaosemwa mapema una dawa. Sawa?"

"Sawa, Bibi."

"Haya. Mume wetu anataka kujua." Bibi alinyoosha kidole, akamwonyesha Chiriku kifuani. "Habari za humo ndani?"

"Nz..." Chiriku alianza, akajikamata. Akavuta pumzi. "Si nzuri sana, Bibi. Namkumbuka Mama. Nilikuwa sisikii kitu, nikadhani nimeharibika. Halafu mlango wako ulipofungwa, mimi sikuwa na wa kugombana naye, na Baba anaongea na cherehani tu, na yule paka, hivi unajua alikuwa anakula viazi vyote nilivyokuletea..."

Aliendelea hivyo, neno likivuta neno, hadi chai yake ikapoa. Sebuleni cherehani ilikuwa imenyamaza. Baba alikuwa anasikiliza.