Nakala Saba za Lefteri

Soko kuu la Melbourne halina adabu siku ya Jumamosi. Unasukumwa, unakanyagwa, na anayekukanyaga ndiye anayenuna. Lefteri Karras alikuwa nyuma ya meza yake ya kuku na mabata, aproni imeloa, pale mwanamke mrefu aliyevaa koti la kijani la mtumba alipojipenyeza mbele ya foleni.

"Nataka manyoya ya bawa la bata bukini."

"Na bata mwenyewe?"

"Mpe mwingine."

"Dada, miaka kumi na miwili nauza hapa, sijaona mtu anayekula manyoya."

"Siyali. Nachora kwenye bamba la shaba, nalitumbukiza kwenye tindikali ili ichimbe ule mchoro, halafu nalichapa. Tindikali ikitoa mapovu, nayafagia kwa unyoya."

"Ndiyo maana vidole vyako ni vya manjano?"

"Ndiyo maana. Umemaliza kunihoji, bwana kuku?"

"Bado jina."

"Marnie."

Alimpa manyoya tele. Jumamosi iliyofuata alimwekea mengine kabla hajaombwa, na wauza jibini wa meza ya pili wakaanza kupiga miluzi.

Karakana ya Marnie Tolhurst ilikuwa banda la zamani la farasi, kichochoroni huko Fitzroy. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kumi na mitano kati ya hiyo ameimaliza akiinamia beseni la tindikali. Alifundisha wasichana kuchora, akafua mashuka ya hospitali, akachapa kazi ambazo hazikununuliwa na yeyote. Sasa nyumba moja ya sanaa ilikuwa imempa kuta zake zote nne kwa mwezi wa Agosti, na Marnie alikuwa akifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Dirisha alilifunga, maana baridi ya Julai huipooza tindikali. Moshi wa rangi ya machungwa ulitanda juu ya beseni, naye akiinama ndani yake.

"Unakohoa sana, mpenzi," alisema Lefteri, ambaye sasa alifika hapo kila jioni.

"Ni baridi. Usigeuze shingo, nakuchora."

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Marnie alikificha chake kwenye mkono wa sweta, na Lefteri, aliyelewa mapenzi, akaridhika. Sura yake ilikuwa inachorwa kwenye shaba, na Marnie alimwahidi kuichapa nakala thelathini, si zaidi.

Basi siku Lefteri alipopita bila kutarajiwa, akiwa na chupa ya mvinyo na shati lililopigwa pasi, Marnie hakuwepo. Bamba lenye sura yake lilikuwa juu ya meza. Mikwaruzo miwili mirefu imepita juu ya uso wake, kutoka pembe hadi pembe, imechimba shaba kwa nguvu. Lefteri aliliangalia, kisha akaondoka na mvinyo wake. Siku tatu simu ililia hakuipokea. Ya nne akashindwa.

"Kama umenichoka ungesema," alisema. "Mimi si mtoto."

"Nani kakuchoka?"

"Umenikwangua uso, Marnie."

Kikaja kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. "Mjinga wewe. Ni desturi yetu. Ukimaliza kuchapa unaliua bamba kwa kulikwaruza, asije mtu akachapa zaidi ya idadi. Mabamba yangu yote nimeyafanya hivyo."

Lefteri alicheka pia, kwa aibu na kwa raha. Halafu akakumbuka.

"Ulisema thelathini. Zimekuwa tayari lini?"

Marnie akaanza kueleza habari za wino.

"Umechapa ngapi?"

"Saba. Nikichapa ya saba nilianguka kwenye gurudumu la mashine ya kuchapia. Sitaki mtu aje achape zilizobaki nisipokuwepo."

Lefteri alikimbilia karakana bila hata koti. Alimkuta ameketi kando ya beseni, midomo imepauka, na ndani ya tindikali kuna bamba jipya la maonyesho ya Agosti, kubwa kama mlango wa kabati.

"Daktari kasemaje?"

"Mapafu yameungua. Nikirudi kwenye moshi, sifiki Krismasi."

"Tuoane, Marnie."

"Unautaka ujane mapema hivyo?"

"Nakutaka wewe. Acha hili bamba."

"Kila nililoishi kwa ajili yake ni hili bamba, Lefteri. Likiachwa nusu, miaka yangu kumi na mitano ni mashuka tu." Alimshika shavu kwa vidole vyake vya manjano. "Nitaolewa na wewe. Baada ya Agosti."

Lefteri alimpenda, na kwa sababu hiyo akili ilimruka.

"Basi nitasimama hapo mimi. Wewe kaa nje, uniambie la kufanya."

"Moshi huu hauchagui mtu."

"Mapafu yangu bado mapya."

Alisubiri akatae. Alijua atakataa, mwanamke anayekupenda hukataa. Marnie alilitazama bamba, akamtazama yeye, akalitazama tena bamba. Kisha akaburuta kiti chake hadi nje ya kizingiti, kwenye hewa safi, akajifunika shali.

"Fumba mdomo ukiinama," alisema kwa upole. "Shika unyoya, anza kona ya kushoto, mpenzi. Usiharakishe."