Pombe ya Harusi na Mwiko Usiooshwa

Mtaani kwao, ukisema pombe umemtaja Mama Pacha. Safari hii alipika ya harusi ya mdogo wake. Uji wa kimea ulipopoa, aliukoroga kwa mwiko wa mti aliopewa na mama mkwe, mwiko mweusi ambao haukuwahi kuguswa na sabuni. "Ukiuosha, pombe inakufa," mama mkwe alimwambia. Yeye akashika neno.

Harusi ilipokaribia, akafunua pipa. Juu ya pombe palikuwa na madoa ya kijani yenye manyoya, na harufu ya siki ilimkata pua. Akachukua kijiko, akaanza kuengua.

"Shemeji, unamchimbia nani kaburi?"

Alikuwa mdogo wa mumewe, aliyekuja kuazima ngazi. Kazi yake kusafisha mitambo katika kiwanda cha bia, na kwa utani hajambo.

"Utando tu huu. Nautoa, nachemsha, natia sukari. Nani atajua?"

"Matumbo yatajua. Povu jeupe ni la kawaida. Machicha kutuama chini, kawaida pia. Ukungu wenye manyoya ni kitu kingine. Ukiuengua, unabaki ndani usikouona, na sumu yake moto hauiondoi. Usionje. Mwaga."

"Nimeahidi mbele za watu, shemeji. Nitaaibika."

"Utaaibika siku moja tu. Na bibi harusi akiugua?"

Mama Pacha alimfikiria mdogo wake na gauni lake jeupe, amejikunja chooni. Wakaliinamisha pipa, pombe yote ikaenda shimoni. Alilia, wala hakujificha.

Harusi ilipita kwa soda. Walionung'unika walinung'unika, na kesho yake kila mtu aliamka mzima.

Kisha shemeji akamfundisha. "Sugua kwa sabuni kwanza. Maji ya moto hayafiki chini ya uchafu. Suuza, halafu vyombo vya chuma vimwagie maji yanayochemka." Pipa la zamani lilikuwa la plastiki, limejaa mikwaruzo ndani, na humo vijidudu hujificha. Likageuzwa la taka, likanunuliwa jipya. Uji uliochemka aliufunika mpaka ukapoa, ndipo akatia hamira. Akakoroga kwa upawa wa chuma. Mwiko, na nyufa zake, aliutundika ukutani.

Pombe iliyofuata ilinukia mkate. Mama mkwe alikuja, akaonja, akaongezwa. Halafu akauona mwiko.

"Umeustaafisha?"

"Mwiko huo uliniletea ukungu, mama. Na sikuuosha hata siku moja, kama ulivyosema."

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Nilikukataza sabuni tu, isiharibu ladha. Kila nikipika, mwiko niliutumbukiza chunguni, ukachemka na uji. Hukuwahi kuona?"

"Jikoni kwako nilikuwa naogopa kuingia."

Bibi yule akavuta kigoda, akaketi karibu na jiko.

"Haya, mwanangu. Niulize na mengine."